Alinichukulia kwa Kiingereza

Mtu akikuambia, "Fulani alinichukulia kitu changu," bado hujajua kama anamshukuru au anamshtaki. Inabidi umtazame uso. Akitabasamu, basi alisaidiwa mzigo. Akikunja uso, basi ameporwa. Neno ni lilelile. Nimelisema tangu utotoni na sikuwahi kukosea kulielewa, kwa sababu siku zote kulikuwa na uso wa kutazama. Siku niliyoliandika kwa Kiingereza nilikuwa nimeinamia karatasi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani katika karakana ya vinyago kando ya mtaa wa Shauri Moyo, mafundi thelathini hivi chini ya paa la mabati, wengi wao Wakamba waliojifunza kushika tezo kabla ya kushika kijiko. Mimi nilitoka upande wa Murang'a, na kwa mikono yangu nisingeweza kuchonga hata mwiko. Nilichokuwa nacho ni kidato cha nne. Wenyewe waliniita hivyo.

"Fomu Foo! Njoo utusomee, hili sanduku linakwenda nchi gani?"

"Denimaki."

"Huko kuna twiga?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana wananunua wetu wa mti."

Kazi yangu ilikuwa kuandika lebo na barua, na kumtafsiria meneja. Meneja alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, mpole kwa kiasi, mwenye Kiswahili cha maneno matatu, na yote matatu ni ya salamu. Kila kilichotoka kwa mafundi kwenda kwake kilipita mdomoni mwangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na niliona hilo ni jambo kubwa.

Shuleni tulifundishwa wakati uliopita kwa fimbo. Take, took. Go, went. Bring, brought. Aliyesema "taked" alinyoosha kiganja. Kwa hiyo nilimaliza shule nikiamini kwamba ugumu wote wa Kiingereza umo ndani ya kitenzi, na kwamba ukishajua take hugeuka kuwa took, umevuka mto. Hakuna aliyenichapa kwa ajili ya vile vineno vidogo vinavyofuata nyuma, at, for, off, up. Nilivihesabu kama vumbi la msasa.

Pale karakanani ndipo nilianza kuvisikiliza. Siku moja mteja mmoja, mama wa Kizungu pia, aliingia akitokwa jasho, akasema, "My car died on me." Niliielewa sentensi neno kwa neno na nikashtuka: gari limekufa, tena limekufa juu yake. Nikamtazama kama ameumia. Kumbe gari lilizimika tu barabarani likamwacha na shida zake. Jioni nikiwa natembea kurudi chumbani kwangu mtaa wa Bahati, neno likanijia lenyewe: lilimfia. Lilimfia njiani! Sisi tunasema mama alinifia mikononi, na hatuoni ajabu. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na binamu ugenini.

Nikanunua daftari. Niliandika kila nilichosikia. Looked at him, nilimtazama. Looked for him, nilimtafuta. Looked after him, nilimtunza. Kwetu hayo ni maneno matatu yasiyojuana. Kwao ni neno moja linalobadilisha mkia. Na yule him alinishangaza kuliko yote. Kwetu mtu hukaa ndani ya kitenzi, amefichwa tumboni: nili-m-tafuta. Kwao amesimama nje, na mara nyingine amelala katikati kama mtoto kati ya wazazi wake: put him up, nilimpa malazi, put him off, nilimkatisha tamaa. Tena ukijaribu kumhamisha, ukasema put off him, Mzungu anakukunjia uso. Nilimuuliza mwalimu mmoja tuliyesali naye kanisa moja sababu ni nini. Akaniambia, "Hakuna sababu. Ni mazoea." Sikuridhika. Mpaka leo sijaridhika.

Mafundi waliniona na daftari langu wakacheka.

"Fomu Foo anatafuta mkia wa Mzungu."

Sasa, kulikuwa na mafundi wawili waliokaa benchi moja. Mmoja alikuwa mzee wa swala. Kwa miaka mingi alichonga swala tu, wenye miguu myembamba kama njiti, na hakuna mwingine aliyeweza miguu ile bila kuivunja. Jirani yake wa benchi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mchongaji wa tembo, mwenye chumba Makongeni na mke mjamzito. Walitaniana kutwa nzima.

"Huyo tembo wako, hayo ni masikio au ni majani ya mgomba?"

"Mzee, swala wako wataanguka kabla ya kufika Mombasa. Wape fimbo za kutembelea."

Asiyewajua angedhani ni maadui. Lakini chakula cha mchana walikula sahani moja.

Ijumaa moja kifua cha mzee kilimbana. Vumbi la mhugu, mti waliouchonga, huingia kifuani likakataa kutoka. Aliondoka mchana kwenda zahanati, akaacha swala wawili wa kufungwa Jumatatu, mmoja amekamilika, mwingine bado hajapigwa msasa wala kupakwa rangi. Kanuni ya pale ilikuwa kwamba kinyago hakitoki getini bila kikaratasi changu. Saa ya kutoka kazini siku ile mimi nilikuwa posta, hapakuwa na wa kukiandika. Haya yote niliyajua baadaye.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na swala mmoja rafuni. Mchonga tembo alikuwa bado hajafika. Meneja alimwita mzee ofisini, na mzee akaja, kofia mkononi, akipumua kama mnyororo wa baiskeli usio na mafuta.

"Muulize swala wa pili yuko wapi," meneja akaniambia.

Nikamuuliza. Mzee akajibu bila kufikiri:

"Jirani yangu alinichukulia Ijumaa."

Kisha kikohozi kikamshika, akageukia ukutani.

"Andika," meneja akasema. "Nataka iwe kwenye karatasi."

Nikakaa, nikaandika: He took it. Took! Sikuandika taked, sikuandika has took. Niliitazama ile took na nikaipenda. Halafu Kiingereza kikanizuia mlangoni na kuniuliza: for me, au from me? Alichukua kwa ajili yangu, au alichukua kutoka kwangu? Lilikuwa swali ambalo Kiswahili hakijawahi kuniuliza, wala Kikikuyu cha mama yangu. Mzee alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Ningeinua uso tu, nikasema, "Mzee, alikusaidia au alikuibia?" Lakini karani anayeuliza huonekana hajui. Na kichwani mwangu kulikuwa na sentensi moja kutoka ubaoni, tuliyoiimba darasa zima: He took the pen from me. Kalamu ikafuata njia iliyoizoea.

Meneja akasoma. "From him?"

"Yes, madam. Took from."

Mzee akaletewa karatasi aweke kidole gumba.

"Hii ni ya nini, karani?"

"Ni maneno yako, mzee."

"Haya," akasema, akaweka.

Mchonga tembo alifika saa nne. Alikuwa amempeleka mkewe kliniki. Kwapani alikuwa na gunia, na ndani ya gunia alikuwamo swala, amepigwa msasa mpaka ukipitisha kidole hausikii kitu, amepakwa rangi ya viatu, anang'aa. Askari wa geti alikuwa ameshapewa amri asimwache aingie. Meneja alitoka ofisini mwenyewe, na mimi nyuma yake.

"Nilimchukulia mzee!" yule bwana akasema, akicheka kidogo, akiinua swala tuone. "Nilimchukulia nikamalizie nyumbani. Kuna nini?"

Safari hii uso ulikuwa mbele yangu. Niliutazama, nikajua. Nilijua palepale, kabla hajamaliza sentensi.

"Anasema nini?" meneja akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema: he took it for him, madam, na mimi niliandika vibaya. Kusema hivyo kungenichukua pumzi moja. Lakini wiki iliyopita meneja alikuwa amenirudishia barua tatu zenye makosa na kuniambia kwamba mji umejaa vijana wenye vyeti. Nikaona meza yangu, nikaona kiti changu chenye mto.

"He says he took it," nikasema.

Sikudanganya hata neno moja. Nilikata mkia tu.

Meneja akamnyang'anya swala, akamwambia asirudi. Mimi ndiye niliyemtafsiria hilo, na hilo nililitafsiri vizuri sana, kila neno mahali pake. Yule bwana alinitazama akingoja sehemu iliyobaki, kana kwamba bado sijamaliza kusema.

Siku chache baadaye mzee alikuja mezani kwangu.

"Karani, uliandika nini pale?"

"Niliandika ulivyosema."

"Nilisema alinichukulia."

"Ndivyo nilivyoandika."

Akafikiri. "Basi hicho Kizungu ni lugha mbaya," akasema, akarudi benchini kwake, akakaa karibu na nafasi tupu.

Nilimwacha aamini hivyo. Nilikiachia Kiingereza kosa langu, na tangu hapo kila nilipofungua daftari nilijiona mnafiki. Hata hivyo nililifungua. Siku moja nilimuuliza meneja, kama mtu anayejisomea mtihani, tofauti ya took it from me na took it for me. Alifurahi kuulizwa. Alichukua rula mezani pangu. "Nikiichukua kutoka kwako, huna rula," akasema. Kisha akanionyesha dirisha nililoshindwa kulifikia kwa kufuta. "Nikilifuta kwa ajili yako, umepata msaada." Akanirudishia rula. "Kwa nini unauliza?"

"Hivi hivi tu, madam."

Kwa hiyo msiseme sikuelewa. Nilielewa mara tatu: getini, mezani pangu mbele ya mzee, na siku ile ya rula.

Habari za mchonga tembo zilitufikia kidogo kidogo. Karakana nyingine hazikumtaka. Mafundi husema kila kitu, na jina lilikuwa limemtangulia. Alikuwa sokoni Kariokor akikata akala, vile viatu vya matairi. Mkewe alikuwa amekwenda kwao Machakos kujifungua, akajifungua msichana, na baba mkwe akasema binti yake hatarudi kwenye nyumba ya mwizi. Kama yule bwana hana cha kuthibitisha vinginevyo, aendelee kukaa na matairi yake.

Hiyo habari ndiyo iliyonishinda. Kazi ningeweza kujidanganya kwamba atapata nyingine. Mtoto hana baba mwingine.

Nikaandika karatasi mpya: On Friday he took it for me, to finish it. Nikamsomea mzee kwa Kiswahili kirefu, nikimweleza kila kineno, akaweka kidole. Nikaipeleka kwa meneja na kumwambia yote, pamoja na yale ya getini. Alisoma karatasi zote mbili, akizilinganisha. Alikuwa mwekundu shingoni.

"You let him down," akasema. "And you let me down." Nilimwangusha yule bwana, na yeye nikamwangusha.

Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: nikiwa nimesimama pale nimeinamisha kichwa, akili yangu ilikuwa ikiwatazama him na me, jinsi kila mmoja alivyokaa katikati ya let na down kama mtu aliyeangushwa kati ya sakafu mbili. Nilitaka kuandika. Sikuwa na daftari.

Hakunifukuza. Alinitoa mezani akanipeleka kufunga vinyago kwa majani makavu, na hapo nilikaa mpaka nilipoacha kazi. Alinipa karatasi ya pili nimpelekee yule bwana, na ujumbe kwamba nafasi yake ipo.

Nilimkuta Kariokor amekaa kwenye kigogo, tairi kati ya magoti, anakata kwa kisu alicholowesha maji ili kiteleze. Kulia na kushoto kwake walikuwa washona mikanda na mafundi wa akala kama yeye.

"Swala," mmoja wao akamwita, "una mgeni mwenye tai."

Walikuwa wamempa jina hilo. Alinitazama, akaendelea kukata.

"Nimeleta karatasi," nikasema. "Nafasi yako ipo. Meneja amesema."

"Soma."

Nikasoma, kwa Kiingereza, kwa sauti nzuri.

"Mimi ni Denimaki? Soma tuelewe."

"Siku ya Ijumaa," nikasoma, "alinichukulia yule swala..."

Mshona mikanda akapasuka kwa kicheko. "Si ndivyo tulivyosikia siku zote? Alimchukulia! Karani amekuja mpaka hapa kutuletea yaleyale!"

Wakacheka wote. Nikaona jinsi karatasi yangu, iliyonigharimu meza, ilivyoweza kurudi kuwa si kitu kwa kuvuka tu kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kineno nilichokihangaikia hakikuwa na pa kukaa kwa Kiswahili. Ilibidi niweke karatasi kando.

"Alimsaidia," nikasema. "Mzee alikuwa mgonjwa, huyu akaenda kummalizia kazi yake. Mimi ndiye niliyeandika kwamba aliiba. Sikumuuliza mzee. Na nilipojua, nikanyamaza."

Kicheko kilikwisha vipande vipande.

"Ulijua lini?" yule bwana akauliza.

"Getini."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Ulipokuwa umemwinua tumwone."

Kisu kilisimama. Mshona mikanda akasema polepole, "Kumbe mwizi alikuwa na kalamu," na hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Hayo uliyosema hapa," yule bwana akasema mwishowe, "utamwambia na baba mkwe?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumamosi. Kesho nina kazi."

"Mimi pia nilikuwa na kazi," akasema.

Tukaenda Machakos kesho yake, bila mimi kuomba ruhusa.

Baba mkwe alitupokea uani, chini ya ukingo wa paa, bila kutuambia tukae. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, na mimi sina Kikamba. Kwa hiyo yule bwana niliyemharibia jina ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Nilisema kwa kirefu: karatasi, mzee kukohoa, geti, meza yangu, woga wangu. Sikuacha kitu. Kila niliponyamaza, yeye alitafsiri, na tafsiri yake ilikuwa fupi, fupi mno. Sijui alisema nini. Huenda alinionea huruma akapunguza, huenda aliongeza chumvi, huenda alisema neno moja tu ambalo kwa lugha yao linatosha. Nilikuwa mikononi mwake, na nilichoweza kufanya ni kuutazama uso wa baba mkwe, nao haukuniambia kitu.

Ndani ya nyumba mtoto alilia, kisha akanyamazishwa.

Baba mkwe aliuliza swali. Yule bwana akajibu, akinionyesha kwa kidevu. Mzee akaingia ndani, akakaa huko kwa muda, akatoka na kiti. Kilikuwa kimoja. Akampa mkwewe.

Mimi nilibaki nimesimama, karatasi mkononi, mpaka mke wa yule bwana alipotokea mlangoni na mtoto.